Masharti Matatu

Niliyaandika mchana mweupe, ghorofa ya tano,
Glasgow ikinyeshewa dirishani,
chai ikipoa kando ya kibodi:
simu iwe kwenye chaji,
iwe kwenye waifai,
na mwenyewe awe amelala.
Hapo ndipo kazi ya chinichini iamke,
inyate kama mwizi, ila mwizi wa kuleta,
ibebe saa za mfanyakazi hadi kwenye seva,
irudi kulala kabla hajajigeuza ubavu.

Mfumo wa simu hauamriwi, huombwa.
Unauambia "kila robo saa,"
wenyewe unasikia "ukijaliwa."
Ni mpishi wa harusi:
hawashi kuni kwa sufuria moja,
hungoja nazi zote zifike, akune kwa mkupuo.
Nilimpenda mpishi huyo.
Fergus wa meza ya pili alinipiga bega:
betri za watu hazitalalamika tena.

Februari likaja lalamiko, na si la betri.
Mlezi wa wazee, Nsimire, mtu wa Bukavu,
usiku kumi na tisa bila mshahara.
Ofisi ikasema: kwenye rekodi hakuna kitu, hakwenda kazini.
Nikapanda basi hadi Springburn kuiona simu hiyo,
kioo kimepasuka pembeni, mpira wa nywele umeifunga.
Nikaifungua foleni.
Zilikuwemo zote kumi na tisa, zimejipanga kwa adabu,
kila moja na neno lake: inasubiri.
Inasubiri. Inasubiri.

"Usiku nakesha na Bi Isobel," akasema,
"ana miaka tisini na mmoja,
kila akishtuka anamwita dada yake, marehemu.
Simu ndiyo tochi yangu ya kumfikia.
Waifai ya nyumba ile ina nywila, bintiye ameisahau.
Hapa kwangu hakuna waifai, kuna bando la pauni tano.
Chaji naipata kwenye basi, vituo sita,
nikiwa macho nisipitilize."

Kumbe sikuwa nimeandika masharti.
Nilikuwa nimejiandika mwenyewe:
kitanda changu, soketi karibu na mto,
intaneti inayolipwa tarehe mosi,
usingizi wa saa nane unaoanza giza likiingia.
Nikayaita hayo hali ya kawaida.

Hakunifokea. Alinimiminia chai, akauliza:
"Sasa ile kazi ilikuwa inangojea nini?"
Nikakosa pa kuficha macho.
"Ilikuwa inangoja ulale."
Akacheka hadi akaweka kikombe chini.
"Basi ingengoja sana, ndugu yangu."

Nilirudi nikafuta mistari miwili,
nikaubakiza mmoja, nao nikaulegeza:
mtandao wowote, hata ule wa kuchechemea.
Fergus akauliza, na betri je?
Nikamwambia usiku mzima wa mtu huyu
ni mdogo kuliko picha moja ya paka wako.
Mshahara ulitoka Machi,
umepungua usiku mmoja;
barua ya huo mmoja ingali mezani kwangu.

Jana nilikuwa nikitazama zinavyoingia.
Saa kumi na dakika kumi na mbili, kwa saa za kwetu,
ikadondoka moja kutoka upande wa Springburn:
betri asilimia tisa, mtandao dhaifu, imepokelewa.
Mahali fulani bibi mmoja ameulizia dada yake
na mtu akamjibu, simu mkononi.

Yangu ilikuwa kwenye chaji, karibu na mto.
Waifai imejaa hadi pomoni.
Lilibaki sharti moja tu,
na nililingoja hadi kukapambazuka.